Kamera ya eneo la shule imenipiga picha mwezi wa saba, shule zimefungwa. Nilipe au nikatae?

"Wakili, habari za kazi. Ninaishi kaunti ya Baltimore, Maryland, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Nimeletewa kwa posta tiketi ya kamera ya eneo la shule: mwendo unaoruhusiwa maili 25 kwa saa, gari langu 39, Jumatano ya mwezi wa saba saa 12:40 jioni, faini dola 40. Shule zilikuwa zimefungwa, hakuna hata mtoto mmoja barabarani. Tena gari hilo tunatumia wawili, mimi na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na kwa kweli sikumbuki jioni ile aliyekuwa nalo ni nani. Kanisani kila mtu ana lake. Mmoja anasema nisilipe, sikusaini kitu. Mwingine anasema niende kortini niseme sikuwa naendesha. Wa tatu anasema nilipe leo leo kwa sababu mwakani naomba uraia na tiketi itaniharibia. Nifanye nini?"

Dada yangu, ninavyokusoma, kinachokukosesha usingizi si dola 40. Ni karatasi ya serikali yenye jina lako na neno la kosa juu yake, wakati faili la uraia linakusubiri. Basi nianzie hapo, kamera tutaifikia.

Tiketi ya kamera ya mwendo huko Maryland ni madai ya kiraia dhidi ya mwenye gari, si kesi ya jinai. Kifungu cha 21-809 cha sheria ya uchukuzi ya jimbo kinasema haiongezi pointi kwenye leseni, haihesabiwi kuwa kosa la uendeshaji, na kampuni ya bima hairuhusiwi kuitumia kukupandishia malipo. Katika kuifuatilia wanaichukulia kama tiketi ya kuegesha gari vibaya. Hakuna askari aliyekusimamisha wala alama za vidole ulizochukuliwa. Faini ya dola 40 iliyolipwa kwa wakati, kwa yenyewe tu, haimnyimi mtu uraia. Fomu ya N-400, ile ya kuombea uraia, inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na vyombo vya dola, na jinsi ya kulijibu swali hilo mwulize wakili wa uhamiaji aliyeliona faili lako lote, si mimi niliyeona tiketi moja. Weka nakala ya tiketi na risiti kwenye bahasha ya makaratasi yako ya uhamiaji. Huko ndiko kujiandaa.

Kinachoweza kukuharibia kweli ni ushauri wa yule wa pili.

Ni kweli sheria inamruhusu mwenye gari kusema "si mimi niliyeendesha". Lakini wengi hawajui inavyotakiwa kusemwa. Unaapa, halafu unaipa mahakama ushahidi wa kuiridhisha kuhusu nani aliyekuwa kwenye usukani, na kwa uchache jina lake na anwani yake ya sasa. Mahakama ikiridhika, taarifa hiyo inarudi kwa wenye kamera, nao wana wiki mbili tangu kuipokea kumwandikia tiketi huyo uliyemtaja. Kwa hiyo "sikuwa mimi" peke yake haikutoi. Inakutoa ukisema "alikuwa shemeji yangu fulani, anaishi mahali fulani", na yeye ndiye atakayeletewa barua.

Na wewe umeniandikia mwenyewe kwamba hukumbuki. Mtu asiyekumbuka hana cha kuapia. Kiapo cha uongo ni jinai, na jinai ya udanganyifu ni jambo ambalo ofisa wa uhamiaji atalitazama kwa jicho jingine kabisa. Usitoke kwenye dola 40 za kiraia ukaenda kujitwisha zigo la namna hiyo.

Lakini kabla ya kukata tamaa, tafuta ukweli, maana kazi yako inakusaidia. Wahudumu wa wazee majumbani siku hizi wanabonyeza programu kwenye simu wakifika kwa mzee na wakiondoka, na inarekodi saa na mahali. Muulize mwajiri wako akupe rekodi ya Jumatano ile. Ikionyesha uliingia kwa mzee saa 11 jioni ukatoka saa 3 usiku, na gari lilikuwa kwa shemeji, hapo una ushahidi wa maandishi. Kaa na shemeji yako kwanza mzungumze. Akikubali kuwa ni yeye, njia rahisi kuliko zote ni akurudishie dola 40 ulipe yaishe. Hana pointi, huna pointi, hakuna aliyesimama mbele ya hakimu. Kumtaja kortini kunaleta maana pale ambapo tiketi zimekuwa nyingi na mtu hataki kuzilipa, au faini ni kubwa.

Maana faini si dola 40 kwa kila mtu tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Maryland inatoza kwa ngazi. Ukizidisha maili 12 hadi 15 kwa saa ni dola 40. 16 hadi 19 ni 70. 20 hadi 29 ni 120. 30 hadi 39 ni 230. Na kuanzia 40 kwenda juu ni 425. Wewe umezidisha maili 14, uko ngazi ya chini.

Sasa habari ya shule kufungwa. Naelewa kwa nini inauma, lakini hoja hiyo haitakusaidia. Sheria ya Maryland haikufunga kamera hizi na kalenda ya shule. Zinafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, mwaka mzima, mvua au jua, likizo au masomo. Na eneo la shule linaweza kutangazwa hadi nusu maili kuzunguka shule, ndiyo maana mtu anapigwa picha mahali ambapo jengo la shule halionekani. Jumatano saa 12:40 jioni ni ndani ya muda. Ingekuwa Jumamosi, au saa 2:10 usiku, ningekuambia ikatae bila kuwaza mara mbili. Mimi binafsi naona saa hizo zimepanuliwa kupita kiasi, lakini hilo ni la kumwambia mbunge wa jimbo. Hakimu hana uwezo wa kulibadilisha.

Na "sikusaini kitu"? Saini yako haihitajiki. Nyumbani ukipigwa tochi unashuka, unaongea na trafiki uso kwa uso, unaomba uonyeshwe ulichosomwa. Huku mazungumzo yote ni ya karatasi. Ofisa wa polisi anatazama picha na kusaini cheti kwamba gari lilivunja sheria, na cheti hicho kinakubalika kortini bila yeye kufika. Ukikaa kimya, kimya chako kinahesabika kuwa umekubali, na MVA, ofisi ya jimbo inayosajili magari, wanaweza kukataa kuhuisha usajili wa gari lako au kuusimamisha. Mwanamke anayezunguka usiku kutoka nyumba ya mzee hadi nyumba ya mzee na usajili uliokufa atasimamishwa na polisi siku moja, na hiyo ndiyo tiketi yenye askari, saini na maelezo marefu. Kati ya mashauri matatu uliyopewa, la kupuuza barua ndilo ambalo sina hata chembe ya kulitetea.

Hata hivyo sikuambii ulipe ukiwa umefumba macho. Kamera hukosea, na Baltimore ni mahali ambapo kila mtu analijua hilo. Mwishoni mwa 2012 gazeti la Baltimore Sun lilionyesha tiketi ya jiji iliyodai gari lilikuwa linakwenda maili 38 kwa saa, wakati video ya kamera ileile inaonyesha gari limesimama kwenye taa nyekundu, taa za breki zinawaka. Jiji lilizima kamera zake 2013. Baadaye ikajulikana kwamba ukaguzi uliofanywa kwa niaba ya jiji ulikuta makosa zaidi ya asilimia 10 katika tiketi za 2012. Mwaka 2014 Bunge la Maryland likabadilisha sheria, na jiji likarudisha kamera 2017. Mabadiliko yale ndiyo yaliyokupa silaha ulizo nazo leo. Mkandarasi haruhusiwi kulipwa kwa kila tiketi. Tiketi lazima itegemee angalau picha mbili zilizogongwa saa, zikionyesha gari pamoja na kitu kilekile kisichotembea. Na kila mamlaka lazima iwe na mtumishi wake, si wa mkandarasi, wa kupokea malalamiko na kufuta tiketi yenye makosa.

Kwa hiyo chukua tiketi yako uiweke mezani penye mwanga.

Tazama kwanza tarehe ya kosa na tarehe ya kutumwa. Gari lililosajiliwa Maryland, tiketi inatakiwa iwe imetumwa ndani ya wiki mbili. La jimbo jingine, siku 30. Halafu tazama namba za gari: zinasomeka zote? Ni gari lako kweli, rangi yake, mkwaruzo wake wa bampa? Watu wanaruka hatua hii kwa sababu wanaona jina lao kwenye bahasha.

Kisha njoo kwenye picha mbili. Kila moja ina saa yake, mpaka sehemu za sekunde. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Tuseme imebaki nusu sekunde. Gari linalokwenda maili 39 kwa saa linakata futi 57 na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo katika nusu sekunde linatakiwa liwe limesogea kama futi 28 na nusu. Kwa maili 25 lingesogea futi 18 tu. Gari dogo kama Corolla lina urefu wa futi 15 hivi. Basi chagua kitu kisichotembea, nguzo, mfuniko wa mtaro, ufa wa lami, upime gari limesogea urefu wake mara ngapi. Likiwa limesogea karibu mara mbili ya urefu wake, kamera haikukosea sana. Likiwa limesogea mara moja na kidogo tu, au halikusogea kabisa, umeshika kitu.

Ila usijidanganye na hesabu hiyo. Tiketi inaanzia maili 12 juu, yaani 37 kwa barabara ya 25. Tofauti ya maili 39 na maili 36, ambayo ingekuokoa, ni futi mbili na kidogo katika nusu sekunde. Futi mbili huwezi kuzipima kwa macho kwenye picha iliyopigwa kwa mshazari. Kipimo hiki kinakamata kosa kubwa, kama lile la gari lililosimama. Hakimu ukimpelekea rula na kumwambia "ilikuwa 36", atakusikiliza kwa adabu tu.

Kitu kingine cha kutafuta pichani ni gari la pili. Rada hutuma mawimbi na kusoma yanavyorudi, na mawimbi hayo yanapenda bati pana na bapa. Lori au basi likiwa karibu, mawimbi yanaweza kurudi kwa kugonga bodi yake na kifaa kikasoma mwendo ambao si wako. Mkiwa magari mawili ndani ya fremu, hasa moja likiwa kubwa, iandike hoja hiyo. Watu wengi hupenda zaidi kubishana kuhusu pembe ya kamera, na wengi huibeba vibaya: rada ikilitazama gari kwa upande husoma mwendo mdogo kuliko wa kweli, si mkubwa. Kifaa kinafidia kwa pembe kilichofungwa nayo, hivyo tatizo lipo tu kama kilifungwa vibaya, na hilo huwezi kulijua kwa kutazama tiketi.

Ndiyo maana unaomba makaratasi. Mwandikie yule mtumishi wa malalamiko wa mamlaka iliyotuma tiketi. Tiketi inaeleza ilipotoka na namna ya kuwafikia. Barua fupi, ya heshima: taja namba ya tiketi, omba video kama ipo, omba daftari la siku ile linaloonyesha kwamba kifaa kilijipima kabla ya kuanza kupiga picha, na cheti cha ukaguzi wa mwaka kutoka maabara huru. Vyote viwili sheria inavitaka viwepo. Ukiona kosa la wazi, mwombe afute tiketi. Nakuambia hii ndiyo njia iliyosahaulika kuliko zote, na haina gharama zaidi ya stempu.

Pita pia mahali penyewe, mchana, umpe mtu mwingine simu apige picha wewe ukiendesha. Kamera ya eneo la shule inatakiwa iwe karibu na kibao kinachosema kamera za mwendo zinatumika hapo. Mwezi wa saba matawi yamejaa majani, na kibao cha 25 kinaweza kumezwa na mti mzima. Picha yenye tarehe inayoonyesha kibao kilichofunikwa ni hoja hakimu anayoweza kuizingatia. Kwamba hukukiona kwa sababu ulikuwa unawaza ya mzee wako, hiyo si hoja.

Ukiamua kwenda kortini, unaweka alama kwenye sehemu ya kuomba kusikilizwa na kuituma kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kesi inakwenda Mahakama ya Wilaya, na tarehe utaletewa kwa barua. Ukitaka mwendeshaji wa kamera afike umuulize maswali, lazima uwaandikie mahakama na upande wa serikali si chini ya siku 20 kabla ya kesi. Watu huja siku yenyewe wakidai "nataka kumwona aliyenipiga picha", wakaambiwa wamechelewa. Omba na mkalimani wa Kiswahili mapema kwa fomu CC-DC-041. Ni bure, na hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kuulizwa na hakimu si sawa na kuulizwa na mgonjwa. Ujue pia kipimo cha ushahidi. Hawatakiwi kuthibitisha bila shaka yoyote kama kwenye jinai. Inatosha upande wao uwe na uzito zaidi ya wako. Kwa hiyo "kamera zinaweza kukosea" ni maneno mepesi. "Kamera hii, siku hii, picha hizi, kosa ni hili" ndiyo yana uzito. Ukishindwa, mahakama inaweza kuongeza gharama zake juu ya faini, na umepoteza zamu ya kazi.

Kwa hayo uliyonieleza, ningekuwa wewe ningefanya hivi: ningetazama picha usiku wa leo, ningemuuliza shemeji, na ningeandika ile barua ya kuomba video na makaratasi. Visipoonyesha kasoro, ningelipa kabla ya tarehe na kuweka risiti. Likizo ya shule nisingeitaja kabisa. Na ukilipa, lipa kwa anwani iliyochapwa kwenye tiketi ya posta. Jumbe za simu zenye kiungo zinazodai unadaiwa faini ya barabarani ni mtego. Zimewalia watu pesa na namba za kadi.

Kuna hali ambazo sitaki uishie kwenye jibu langu. Kama namba kwenye picha ni zako lakini gari si lako, mtu amenakili kibao chako au amekiiba: nenda polisi uripoti mara moja, kwa sababu utetezi wa wizi unataka ripoti iliyotolewa kwa wakati. Kama ulishauza gari, tafuta hati ya mauzo na uende MVA. Kama usajili umeshazuiwa, nenda kwa karani wa Mahakama ya Wilaya na makaratasi yote mkononi. Hatakupa ushauri wa sheria, ila atakuambia kesi yako imefikia wapi. Kama shemeji yako anaendesha kwa leseni ya malori au teksi, azungumze na wakili kabla hujamtaja popote. Na kwa uraia, muone wakili wa uhamiaji au shirika lenye kibali cha kushughulikia uhamiaji kabla ya kujaza N-400, ukiwa na tiketi zote ulizowahi kupata, za kamera na za askari, hata zile za miaka ya nyuma ulizodhani zimesahaulika.

Barua iende wiki hii. Tarehe ya mwisho iliyo kwenye tiketi usidhani inasimama kwa sababu unasubiri majibu. Siku zikikaribia kuisha na video haijafika, tuma ombi la kusikilizwa kwanza, uendelee kuisubiri ukiwa umelinda haki yako.